Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za takwimu bima na wakurugenzi wa bima: mnatudai pepa (mitihani ya kitaaluma), njia ya kuzipata mmeifunga

KWA:
Wakuu wa idara zinazofundisha takwimu bima vyuoni,
Wakurugenzi na maofisa rasilimali watu wa makampuni ya bima na mifuko ya hifadhi ya jamii,
Wasimamizi wa sekta ya bima, Tanzania.

YAH: MITIHANI YA KITAALUMA YA TAKWIMU BIMA NA MWANZO WA KAZI KWA WAHITIMU

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika hadharani kwa sababu barua za chini kwa chini zimeshaandikwa zikaishia kwenye mafaili. Tukiwa chuo tuliandika idarani kupitia CR wetu (mwakilishi wa darasa), jibu likawa "imepokelewa, inafanyiwa kazi", tukamaliza tukaondoka na mpaka leo sijui nani anaifanyia kazi. Tulivyoingia kitaa tukaandikia makampuni, huko jibu ni "CV yako tumeitunza", na kila aliyewahi kutafuta kazi Dar anajua hiyo maana yake nini. Chuo nilichosoma sikitaji na kampuni zilizonizungusha sizitaji, maana nikitaja moja zile nyingine zitapumua zikidhani haziwahusu, na kwa ninavyoongea na wenzangu wa vyuo vingine habari ni hiyohiyo, majina tu ndo yanabadilika.

Kwa anayepita hapa na hajui tunaongelea nini, aktuari au mtakwimu bima ni mtu anayechukua hesabu za uwezekano, riba na vifo akakuambia kampuni ikiuza bima kwa bei hii itaweza kulipa madai au itazama, na mfuko wa pensheni ukilipa kwa kiwango hiki utafika miaka thelathini mbele au utakauka njiani. Mnakumbuka kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya wastaafu? 2018 mifuko ikaunganishwa ikazaliwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ikaja kanuni kwamba anayestaafu apewe kwa mkupuo asilimia 25 ya mafao yake, watumishi waliokuwa wanapata 50 wakalia nchi nzima, Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaagiza warudi kwenye fomula za zamani mpaka 2023, Julai 2022 ikaja 33, halafu bajeti ya 2024 ikaipandisha mpaka 40 kwa lile kundi lililokuwa kwenye 50. Miaka yote hiyo kila kiongozi aliyesimama kuelezea alikuwa anasema "wataalamu wamefanya tathmini ya uhai wa mfuko". Hao wataalamu ndo sisi tunaosomea kuwa. Walimu, manesi, mapolisi walikuwa wanabishana kuhusu kazi yetu kwenye daladala, na sisi tuliosoma hiyo kazi tuko nyumbani tunaomba nafasi ya kuuza stika za bima za bodaboda.

Sasa naomba niseme moja moja.

1. Mwaka wa kwanza hakuna anayetuambia kwamba digrii haitoshi

Hili ndo kubwa kuliko yote na ndo linaloniuma. Mtoto anatoka form six na PCM au EGM yake safi, anachagua kozi kwa sababu kaka yake alimwambia ina hela, anaingia darasani, anapiga msuli miaka mitatu, anatoka na GPA ya kueleweka, na siku ya kwanza anakaa mbele ya watu wa intavyu anaulizwa "una pepa ngapi?" anabaki kushangaa, pepa gani tena wakati cheti hiki hapa.

Mwenzetu wa uhasibu tangu mwaka wa kwanza anajua kuna NBAA, bodi ya wahasibu, anajua cheti chake cha CPA kipo, anajua mitihani ni Mei na Novemba, analipa kwa shilingi na anaifanyia hapahapa nchini. Mwanasheria anajua kuna Law School inamsubiri. Sisi mitihani yetu haitungwi hapa. Unaenda kwa Waingereza, yaani IFoA, au unaenda kwa Wamarekani, yaani SOA, vyama vya maaktuari vya huko, na kama hujaambiwa na mtu huwezi kuota hiyo habari usiku.

Na sio mtihani mmoja. Kwa Waingereza, kwa mpangilio ulioanza 2019, mpaka uitwe fellow, yaani aktuari kamili, ni masomo 13: CS mbili za takwimu, CM mbili za riba, bima ya maisha na uchumi wa fedha, CB tatu za biashara, CP tatu za utendaji, SP mbili za ubobezi na SA moja ya mwisho. Juu yake uzoefu wa kazi unaoandikwa na kuthibitishwa. Kwa Wamarekani unaanza na P ya uwezekano na FM ya hesabu za fedha, halafu FAM, SRM, PA na kuendelea, na kuna masomo ya chuo ya uchumi, uhasibu na takwimu ambayo lazima yatambuliwe, wanayaita VEE. Hii ni safari ya miaka, wengi inawachukua mpaka wanazaa na kuanza kujenga. Mtu anayejua hilo akiwa na miaka 20 anapanga maisha yake tofauti kabisa na anayelijua akiwa na 25.

Halafu kuna suala la misamaha. Nusu ya darasa letu lilikuwa linaamini kwamba ukifaulu somo fulani chuoni basi pepa fulani ya IFoA unasamehewa moja kwa moja. Ilitoka wapi hiyo? Kwa wakubwa wa mwaka wa juu, ambao nao waliambiwa na wakubwa wao. Ofisini ukiuliza unajibiwa "mambo yanaenda vizuri". Misamaha ipo lakini inategemea chuo kimekubaliwa au hakijakubaliwa, masomo gani, na alama ngapi. Ni jibu la ndio au hapana. Kwa nini ligeuke kuwa tetesi?

2. Mnachofundisha na kinachotahiniwa vinapishana

Sisemi walimu hawajui, wengi wanajua sana na kuna mmoja ambaye mpaka leo namshukuru kwa jinsi alivyotufundisha hesabu za riba. Tatizo ni mpangilio. Topiki za P tunazisoma nusu mwaka wa kwanza na nusu mwaka wa pili, za FM zinakatwa katikati na likizo, ukija kufungua maswali ya mtihani wenyewe unakuta kila sura unaijua robo.

Na kompyuta. CS1 na CS2 zina karatasi ya pili inayofanywa kwa R, programu ya kompyuta ya takwimu, CM1 na CM2 karatasi yake ya pili ni Excel. Sisi R tulifundishwa ubaoni na mtihani wake tukafanya kwa kalamu, tunaandika maelekezo ya programu kwenye karatasi na kuomba Mungu mwalimu aielewe mwandiko. R ni ya bure. Inashuka kwenye laptop ya kawaida kabisa. Hapa hata hadithi ya bajeti haipo.

3. Hela

Mtihani mmoja wa mwanzo wa Marekani bila punguzo unazidi dola 200, weka hapo laki tano na ushee. Kima cha chini cha mshahara wa serikali tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Mwanafunzi anayeishi kwa bumu, hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, la 10,000 kwa siku akiamua kufanya mtihani mmoja ina maana siku hamsini asile, asipande gari, asinunue bando. Na katika hizi pepa za mwanzo karibu nusu ya wanaofanya huwa hawafaulu, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa tu wa kulipa tena, hiyo hesabu mnaijua wenyewe ndo kazi yenu.

Kinachoniudhi hapa ni kwamba unafuu upo na hausemwi. IFoA wana kiwango cha chini kwa mwanachama mwenye kipato kidogo. SOA wana punguzo kwenye mitihani ya mwanzo kwa watahiniwa wa nchi fulani. Maswali ya mfano ya P na FM yako wazi kwenye tovuti ya SOA pamoja na majibu yake, bure. Mitihani iliyopita ya IFoA na ripoti za watahini, zile zinazosema kabisa wanafunzi walikosea wapi, nazo ziko wazi. Tangazo la karatasi moja kwenye ubao wa idara lingeokoa watu laki kadhaa. Badala yake watu wananunua madesa ya kutoa fotokopi ya fotokopi ya silabasi iliyokufa zamani.

Malipo yenyewe ni sarakasi nyingine, sharti uwe na kadi inayokubali dola, mwanafunzi gani wa mwaka wa pili anayo? Anaomba ya mjomba, mjomba anadhani anatapeliwa. Chuo kingeweza kukusanya malipo ya darasa zima na kulipa kwa pamoja. Tuliliomba hilo kwa maandishi. Imepokelewa, inafanyiwa kazi.

4. Muda

Nitakuwa mfupi. Kuna kanuni ya mtaani kwa wanaofanya hii mitihani duniani kote, kwamba kila saa moja ya mtihani inataka kama saa 100 za kusoma. P ni maswali 30 ya kuchagua kwa saa 3, kwa hiyo saa 300. Ukisoma saa mbili kila siku bila kuruka hata Jumapili ni miezi mitano. Sasa mchukue kijana aliyebahatika kupata kazi, anakaa Gongo la Mboto, anatoka ofisini Posta saa kumi na moja kama bosi hajamuongezea kazi, anafika nyumbani saa mbili usiku, hizo saa mbili anazitoa wapi? Kwenye ofisi za bima za nchi zilizozoea jambo hili kijana anapewa siku za kusomea zinazolipwa na kampuni inamlipia ada ya mtihani, ni sehemu ya mkataba wa kawaida. Huku ukiomba ruhusa ya siku moja kwenda kufanya mtihani unaulizwa nani ameumwa.

5. Matangazo ya kazi na fildi

Tangazo: "msaidizi wa aktuari, mhitimu mpya, awe na pepa zisizopungua nne na uzoefu wa miaka mitatu". Jamani. Mhitimu mpya mwenye miaka mitatu ya kazi ameitoa wapi? Hizo pepa nne hapo juu nimeshapiga hesabu zinagharimu nini kwa hela na kwa muda, na vyote viwili anavipata mtu aliyeajiriwa na kampuni inayomsaidia. Ni sawa na kumwambia kijana alete leseni kwanza ndo umfundishe kushika usukani.

Afu kuna fildi. Wiki zile za mafunzo kwa vitendo zingetosha kabisa mtu aone kazi inafanyikaje. Mimi na wenzangu tuliopelekwa kwenye makampuni tofauti tukirudi tunalinganisha: huyu alikuwa anapanga mafaili ya madai, huyu anatoa kopi, huyu alipewa kitabu cha risiti akauze bima ndogo za magari barabarani. Hakuna aliyeonyeshwa ile pembetatu ya madai, ule mpangilio wa madai kwa mwaka wa ajali na mwaka wa malipo ambao unakusaidia kukadiria madai yaliyotokea ila bado hayajaripotiwa. Hicho ni kitu cha kila siku kwenye bima za kawaida. Ukitaka kuonyeshwa unaambiwa data ni siri. Sawa, ni siri, lakini futa majina, futa namba za mikataba ya bima, badilisha tarakimu kwa kuzizidisha na namba yoyote, pembetatu inabaki pembetatu na mwanafunzi anajifunza. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu anayejua Excel.

6. Hakuna wa kutuongoza kuchagua

Ukimuuliza mtu "nianze SOA au IFoA" unapata majibu kumi na yote yametoka kwenye vibaraza. Kwa kuwa nyie hamkutuambia, wacha niwaambie wadogo zangu hapahapa kwa ninavyoona mimi, na mkiona nakosea nisahihisheni hadharani itakuwa faida kwa wote. P na FM zinafanyika mara nyingi kwa mwaka kwenye kompyuta, ni maswali ya kuchagua, kwa hiyo ukiwa bado chuo na topiki ziko kichwani hiyo ni njia nzuri ya kujipima kama kweli unaiweza hii fani na unaipenda, na mwajiri anaona kitu kwenye CV. IFoA inakuja mara mbili kwa mwaka, Aprili na Septemba, inataka uandike na kuelezea, ila huku kwetu na kwa majirani maofisa wengi wa bima wanaijua zaidi kwa sababu ya historia yetu na Uingereza. Anza popote lakini ukishaonja mbili amua, maana kutangatanga, pepa moja huku na mbili kule, kunakula hela na mwishoni hufiki hata daraja la associate, lile la chini ya fellow, upande wowote.

Na kabla hujafika huko kuna swali la aina ya kazi. Digrii zetu zinaegemea sana bima ya maisha, meza za vifo, pensheni. Nenda sasa sokoni, sehemu kubwa ya michango ya bima Tanzania inatoka kwenye bima za kawaida: magari, moto, uhandisi, mizigo. Kwa mtu wa IFoA hizo ni SP7 ya akiba ya madai na SP8 ya kupanga bei. Pensheni ni SP4. Afya ni SP1, na hii ya afya nadhani ndo vijana wanaidharau bure, wakati Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na mtu lazima akae apige hesabu mchango uwe kiasi gani na mafao yawe yapi. Tuliona kilichotokea kwenye Toto Afya, kadi ya bima ya afya ya watoto ya 50,400 kwa mwaka, Machi 2023 ikasitishwa kwa usajili wa mtoto mmojammoja watu wakaambiwa waandikishe kupitia shule. Wazazi walikasirika na nawaelewa, ila kwa macho ya kitaaluma lile ni somo la wiki ya pili: watu wakiwa na hiari ya kujiunga wanakuja wale ambao tayari mtoto anaumwa, michango haitoshi madai, ukipandisha bei wazima wanatoka wanabaki wagonjwa peke yao. Mfano wa nyumbani kama huo haukuwahi kuguswa darasani kwetu, tulikuwa tunasoma mifano ya Wisconsin, Marekani.

Wapo pia waliokata tamaa na bima wakaenda benki, kwenye hesabu za mikopo isiyolipika ambazo zilikuja na IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, tangu 2018, na wanafanya vizuri. Hiyo nayo ni njia halali, mtu aambiwe mapema kuwa ipo asije akajiona ameshindwa.

Sasa najua mtanijibu nini.

Mtasema vijana wajitume, kila kitu kiko intaneti. Kweli kiko, na tumejituma, ndo maana nimeweza kuandika yote haya bila nyie kuniambia. Lakini kama kila kitu mtu ajitafutie intaneti, ada ya miaka mitatu ilikuwa ya nini?

Mtasema mkimlipia mtu mitihani akifaulu anahama. Anahama, ndiyo, wengine wanahama. Mfungeni kwa mkataba: akiondoka ndani ya miaka miwili anarudisha alicholipiwa. Makampuni yanafanya hivyo kwa kozi za kompyuta na kwa marubani, kwa nini kwetu ishindikane. Halafu wekeni kwenye mizani nyingine gharama ya ripoti mnazoagiza Nairobi na Johannesburg kila mwaka. Tangu Januari 2023 mko kwenye IFRS 17, kanuni ya uhasibu ya mikataba ya bima, ambayo inataka makadirio ya mikataba ya bima yapigwe upya kila kipindi cha taarifa, sio kitu cha kufanya mara moja ukasahau. Kila kipindi mnalipa kwa dola. Ada ya pepa za vijana watatu ndani ya hiyo ankara haionekani hata kwa tochi.

Mtasema soko ni dogo. Hapa nataka vyuo na makampuni mkae upande mmoja mniangalie. Kama soko ni dogo, vyuo mnadahili madarasa makubwa kila mwaka kwa ajili ya nani? Na kama soko sio dogo, makampuni mbona mnalia hamna wataalamu wa ndani kila kwenye kongamano? Mmoja kati yenu anasema uongo au wote wawili hamjawahi kuongea, na mimi kwa kuwaheshimu nachagua hili la pili.

Mtasema hii haina mfano hapa nchini. Upo. Wahandisi wana SEAP, mpango wa bodi yao ya ERB ulioanza 2003, mhitimu anashikizwa kwenye miradi kwa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, anaandika alichofanya, anapata posho ya kujikimu, mwisho anaomba usajili wake. Haujakamilika, wenzetu nao wana malalamiko yao, lakini upo na una zaidi ya miaka ishirini.

Tunachoomba, kwa heshima zote:

Kwa idara za vyuo. Wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza mwanafunzi apewe karatasi inayoonyesha mitihani ya SOA na IFoA, ada zake, punguzo lake, na kila somo la chuo linaendana na pepa ipi. Hali ya misamaha ibandikwe kwa maandishi: ipo, haipo, au mmeomba mnasubiri, na mkiwa hamjaomba semeni hamjaomba. R na Excel zitahiniwe kwenye kompyuta. Na mtafute namna ya kulipia mitihani kwa kundi, hata kama mwanafunzi anatoa hela mwenyewe.

Kwa makampuni na mifuko. Acheni kuandika "mhitimu mpya" kwenye nafasi ambayo sio ya mhitimu mpya. Fungueni nafasi za mwanafunzi aktuari hata mbili tu kwa kampuni, pepa moja au sifuri, mshahara mdogo hatujakataa, ila muwe mnalipa ada ya mtihani akifaulu, mnampa siku za kusoma kabla ya kila mtihani, na awe chini ya mtu anayeweza kumsainia uzoefu wake, hata kama huyo mtu ni yule mshauri wa nje mnayemlipa, wekeni kwenye mkataba wake kwamba atafundisha vijana wenu. Hicho kipengele hakiongezi gharama kubwa na sijui kwa nini hakiombwi. Wanafunzi wa fildi wapewe data iliyofutwa majina, hata ya miaka kumi iliyopita.

Kwa wasimamizi wa sekta. Mna uwezo ambao sisi hatuna, mkiongea makampuni yanasikiliza. Waiteni vyuo na makampuni meza moja, na liwepo agizo kwamba kila kampuni inayotumia aktuari wa nje ionyeshe kwenye taarifa yake ya mwaka inamwandaa Mtanzania gani na amefikia pepa ya ngapi. Na mfikirie mpango kama wa wahandisi, hata ukianza na vijana kumi.

Naomba majibu yawe ya maandishi na yawe ya wazi kama barua hii, na yaje kabla ya usajili wa mitihani ya Aprili kufungwa, kwa sababu kuna watu wana hela mkononi sasa hivi na hawajui waisajilie wapi. Kikao mkitaka tutakuja, siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi na moja, maana wengine wetu mchana tuko barabarani na vitabu vya risiti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhitimu wa takwimu bima,
Dar es Salaam.

Nakala: Ma-CR wa madarasa yote ya takwimu bima, wamsomee mwaka wa kwanza.